Umeme Haukuwa na Kosa

Nyumbani kwetu, katika mtaa wa Murara mjini Goma, siku huanza kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Usiku vumbi jeusi la mlima hupenya kati ya mbao za kuta na kutulia juu ya meza, viti na vitabu. Mjukuu wangu Uwizeye, msichana wa miaka kumi na miwili, huamka mapema kulifuta kabla ya kwenda shule. Hafuti ovyo. Huanza juu akashuka chini, kwa kuwa anayeanza chini hulazimika kurudia kazi yake. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, na sioni haya kusema kwamba miongoni mwa wajukuu wangu wote hakuna anayemzidi kwa unadhifu.

Mwaka huu kulikuwa na kitu kipya cha kufutwa vumbi. Mwanangu Célestin, anayefanya kazi Ubelgiji, alitutumia gramafoni kwa mkono wa msafiri. Aliituma kwa sababu moja tu. Sisi tulikuwa na santuri ambayo hatukuwa na namna ya kuisikiliza.

Santuri hiyo ilirekodiwa zamani, wakati marehemu mke wangu Nyiramahirwe alipokuwa msichana katika kwaya ya Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Yeye ndiye aliyeimba peke yake beti za wimbo wa mavuno. Mwaka ule mlima Nyiragongo uliposhusha moto wake hadi mjini, tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na kuacha karibu kila kitu. Gramafoni yetu ya wakati ule imefunikwa na lava hadi leo. Santuri ilipona kwa sababu mke wangu aliiviringisha katika kitenge na kuibeba kifuani, kama mama abebavyo mtoto mchanga. Tangu siku hiyo hakuna aliyeisikia. Wajukuu wangu walimjua bibi mwenye sauti iliyochoka kwa kikohozi. Sauti ya msichana wa Kalengera hawakuijua.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Jumapili iliyokuwa inakuja, ukoo wote ulikuwa unakutana kwetu kumaliza kilio, kama ilivyo desturi yetu baada ya mwaka kupita. Niliwaambia watu wote, pamoja na Umuhoza, mdogo wake marehemu aliyeimba naye katika kwaya ile, kwamba siku hiyo tutamsikia Nyiramahirwe akiimba. Umuhoza alijibu kwenye simu kwamba hata ikibidi abebwe atafika.

Basi nilimwita Uwizeye, nikamkabidhi kazi mbele ya watu wa nyumbani.

"Utaunganisha gramafoni hii na ampli yetu ya kukuza sauti," nilimwambia. "Tunayo ampli, tunazo bafle mbili za kutolea sauti, na waya umo ndani ya boksi. Soma kwanza kitabu cha maelezo, chote, kisha uunganishe. Ujaribu kwa santuri ile nyingine aliyoileta msafiri. Ya bibi yako usiiguse mpaka nitakapokuwepo."

"Ndiyo, Babu," alijibu, na nikaona shingo yake imenyooka kwa fahari.

Florent, binamu yake wa miaka kumi na minne, alipiga saluti. "Heshima kwako, injinia wa Murara! Koti lako la kazi liko wapi?"

"Liko pamoja na alama zako za hesabu," Uwizeye alimjibu. "Vyote viwili havionekani."

Watu walicheka, nami nikacheka, nikachukua kofia yangu na kwenda kwenye mkutano wa halmashauri ya parokia. Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Ninayasimulia kama watoto wenyewe walivyonieleza baadaye.

Uwizeye aliitoa gramafoni kwa uangalifu, akaisimamisha juu ya meza iliyo sawa. Nyuma yake zilitoka ncha mbili za waya, moja nyekundu na moja nyeupe. Nyuma ya ampli kulikuwa na matundu mawili, moja jekundu na moja jeupe, chini ya neno AUX. Hapo ndipo watu wengi hupenda kuchomeka televisheni.

"Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe," alisema. "Hata mtoto wa chekechea angeweza."

"Na kitabu?" Florent aliuliza akiwa amejinyoosha kwenye kiti na simu yake mkononi. "Muzee alisema usome kwanza."

"Kina herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nitakisoma baadaye."

Aliweka santuri ya majaribio, akashusha sindano taratibu. Sauti ilitoka, lakini ilikuwa nyembamba na ya mbali, kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa.

Florent alitega sikio. "Huyo anaimba au anaomba msamaha?"

Uwizeye alizungusha kitufe cha sauti hadi nusu. Mbu akawa mbu wawili. Akazungusha zaidi, hadi kitufe kikagota mwisho. Wimbo ulisikika kidogo, lakini ngoma hazikuwepo kabisa, wala gitaa zito, ila mchakacho kama mtu anayekanyaga changarawe.

"Bafle zimekufa," Florent alisema, akainuka. "Ngoja tuzijaribu kwa simu yangu."

Simu yake ilikuwa tayari inapiga muziki. Alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha ampli kinachoruhusu sauti ya simu kuingia bila waya. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kukirudisha kitufe cha sauti.

Nyumba nzima iliunguruma. Vikombe viligongana kabatini, kuku wakaruka ua, na mama mmoja barabarani akapiga kelele akidhani ni mlima tena. Ilikuwa ni kitambo kifupi tu, kisha bafle ya kushoto ikapiga mlio wa kitu kinachopasuka na kunyamaza. Harufu ya kuungua ikajaa sebuleni.

Florent alikuwa wa kwanza kuzima ampli. Walitazamana.

"Umefanya nini?" Uwizeye alinong'ona.

"Mimi? Nani alipandisha sauti mpaka mwisho?"

"Nani alibonyeza simu?"

Uwizeye alikaa chini, akaweka mikono kichwani. Alikuwa amepewa kazi mbele ya watu wote, na mbele ya watu wote ingejulikana kwamba hakusoma hata ukurasa mmoja. Florent alichuchumaa kando yake, akashusha sauti.

"Sikiliza. Asubuhi courant ilikatika na kurudi, siyo? Sema ilirudi na nguvu, ikaunguza bafle. Nani atabisha? Goma nzima itakuamini."

Hapo kijana alisema kweli. Katika mji wetu hakuna nyumba isiyo na kisa cha umeme uliorudi kwa nguvu na kuua friji, televisheni au chaja. Umeme ni mshitakiwa asiyeweza kujitetea.

Niliporudi, Uwizeye alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma.

"Babu, bafle moja imeungua. Courant ilirudi na nguvu."

Nilimtazama usoni. "Ilirudi wakati ulipokuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimemaliza kuunganisha."

"Ulisoma kitabu?"

"Ndiyo, Babu."

Nilivuta kiti, nikaketi. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na nimesikia watoto wengi wakidanganya. Lakini huyu hakuwa na historia hiyo. "Basi usihuzunike," nilimwambia. "Hukukosa lolote. Ulifanya kazi yako vizuri, umeme ndio uliokosa."

Aliniambia baadaye kwamba maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo yoyote. Jioni hiyo hakumaliza chakula chake. Asubuhi nilimkuta akiifuta gramafoni, akaifuta tena, ingawa tayari ilikuwa inang'aa.

Mimi nilikuwa na haraka ya Jumapili. Nilimpigia simu Apolline, fundi mitambo wa redio ya parokia, aliyesomea elektroniki na ambaye zamani nilimfundisha darasa la sita. Nilimwomba aje aangalie kama ampli nayo imeumia. Tena nilimwomba kiongozi wa kwaya ya parokia atuazime ampli yao na bafle zao, ili yasije yakatupata mengine.

Apolline alifika Jumamosi baada ya misa ya asubuhi, kwa pikipiki, na mkoba wa vifaa mgongoni.

"Shikamoo, Mwalimu! Bado unawaandikisha wajukuu imla kila Jumamosi?"

"Marahaba. Na wewe bado unaandika mwandiko wa daktari?"

"Namshukuru Mungu, siku hizi naandika kwa kompyuta." Alicheka, akavua mkoba, na papo hapo uso wake ukawa wa kazi.

Alifungua bafle ya kushoto, akainusa, akaipima kwa mita yake ya kupimia umeme. "Hii imeungua waya wake wa ndani," alisema. Kisha akaikagua ampli. Alitoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. Akawasha, akapima tena, akakunja uso.

"Mwalimu, jambo hili halikai sawa. Umeme ukirudi kwa nguvu, huingia kwa mlango wa mbele. Ungekutana kwanza na fyuzi, kisha na ampli yenyewe. Hauwezi kupita sebuleni bila kumgusa mtu, ukaenda kumwua aliyelala chumba cha ndani."

"Lakini mtoto alikuwepo," nilijibu. "Anasema umeme ulirudi."

"Kama ni hivyo, basi ndani ya ampli kuna kitu kilichoharibika ambacho mita yangu haikioni. Itabidi niipeleke kituoni niifungue yote. Kesho hamtakuwa nayo."

"Si neno. Jioni tunaletewa ampli ya kwaya. Uwizeye ataiunganisha vilevile kama alivyounganisha hii."

Uwizeye alikuwa amesimama karibu na dirisha. Florent alikuwa mlangoni, na niliona akitingisha kichwa polepole, kama anayemwambia mtu nyamaza. Sikuelewa. Msichana alimtazama Florent, akaitazama ile bafle iliyofunguliwa, kisha akanitazama mimi.

"Babu, usilete ampli ya kwaya."

"Kwa nini?"

"Nitaiunguza nayo." Alisogea hatua moja kutoka dirishani. "Sijui kwa nini iliungua, lakini si umeme. Umeme haukurudi wakati ule. Sauti ilikuwa ndogo sana, nikapandisha mpaka mwisho. Halafu tukaweka simu na kitufe kiko mwisho. Ndipo bafle ikapasuka. Na kitabu sikukisoma. Sikusoma hata ukurasa mmoja."

Florent alichomoka nje. Nilisikia hatua zake zikielekea kwenye mapipa ya maji.

Sikupandisha sauti. "Bafle ni mbao na karatasi," nilisema. "Itatengenezwa. Lakini nilikuuliza swali, ukanitazama machoni, ukanijibu uongo. Nami nikakufariji kwa uongo huo huo. Kisha nikamwita fundi kutoka kazini kwake kuja kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Unaona umbali uongo mmoja unavyotembea?"

"Naona, Babu. Nisamehe."

"Msamaha upo. Hesabu ya jambo hili bado. Mwanzo umwambie Mama Apolline yote, kwa utaratibu, bila kuruka hatua."

Akaeleza upya, hatua kwa hatua, hata mchakacho wa changarawe na ngoma zilizokosekana. Apolline alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyokunjuka.

"Ngoma hazikusikika kabisa?" aliuliza.

"Kabisa, Mama. Sauti nyembamba tu."

"Basi ampli yenu ni nzima, na gramafoni ni nzima. Umenipunguzia kazi ya siku nzima, mwanangu. Laiti ungenieleza hivi nilipoingia, hata mita nisingeitoa." Akamvutia kiti. "Kaa hapa. Sasa nikueleze kilichotokea."

Alichukua santuri ya majaribio, akaielekeza kwenye mwanga. "Unaona mfereji huu mwembamba unaozunguka? Sindano hutembea ndani yake na kutetemeka. Mtetemeko huo huzaa umeme, lakini mdogo mno. Simu au televisheni hutuma sauti yenye nguvu mara mia kadhaa kuuzidi. Na tundu la AUX limetengenezwa kupokea nguvu ya simu na televisheni."

"Ndiyo maana ilikuwa kama mbu," Uwizeye alisema.

"Ndiyo maana. Ulipopandisha kitufe, ulimfungulia mlango wote mgeni mdhaifu. Kisha akaja mgeni mwenye nguvu, simu, akakuta mlango uko wazi kabisa. Bafle ikapigwa na nguvu iliyoizidi."

"Na ngoma, Mama? Zilienda wapi?"

Apolline alitabasamu. Niliona kwamba swali lilimpendeza, na mimi lilinipendeza zaidi. "Swali zuri. Kama sauti nzito zingechorwa kwenye santuri kwa ukubwa wake wote, mfereji ungekuwa mpana sana na sindano ingerukaruka. Kwa hiyo watengenezaji huzipunguza sauti nzito, na zile nyembamba huziongeza. Lazima kuwe na kifaa cha kurudisha kila sauti mahali pake kabla haijafika kwenye ampli. Kifaa hicho huitwa preampli. Huukuza ule umeme mdogo, tena huzisawazisha sauti. Ampli za zamani zilikuwa nayo ndani. Nyuma yake utaona tundu lililoandikwa PHONO. Hii yenu haina. Gramafoni yenu nayo haina."

"Tutaipata wapi kabla ya kesho?" niliuliza.

"Kituoni tuna santuri za zamani za parokia, na preampli ya kuzipigia. Kesho hatuitumii. Nitawaazima." Alimgeukia Uwizeye. "Twende tuichukue pamoja. Lakini nikifika hapa tena, mimi sitagusa waya. Wewe utaunganisha."

Nilimkabidhi Uwizeye kitabu cha maelezo. Aliondoka nacho, na waliporudi alikuwa amekisoma chote njiani na kituoni, ijapokuwa kwa pikipiki herufi zile ndogo zilikuwa zinarukaruka. Onyo kuhusu preampli lilikuwa katika ukurasa wa pili.

Preampli yenyewe ilikuwa boksi la chuma lenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Florent alikuwa amerudi, ameegemea ukuta. Uwizeye alianza kazi, na safari hii alisema kila hatua kwa sauti kabla ya kuitenda. Waya wa gramafoni uliingia upande wa kupokea wa preampli. Waya mwingine ulitoka upande wa kutoa ukaenda AUX. Bafle nzima ilibaki, ile mbovu ikaondolewa. Kitufe cha sauti kilirudishwa hadi sifuri, na hapo tu ndipo alipowasha.

Alipopandisha kitufe kidogo, kabla hata ya sindano kushuka, bafle ilitoa mlio mzito: mmmmmm.

"Imeungua na hii?" Florent aliuliza kwa hofu.

Apolline alikunja mikono kifuani, akamtazama Uwizeye. Uwizeye alirudisha kitufe sifuri, akazima kila kitu, akainama nyuma ya meza. Alifuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Hatimaye akashika waya mwembamba wa kijani uliokuwa unaning'inia kutoka kwenye gramafoni bila kuunganishwa popote.

"Huu una ncha kama uma," alisema. "Kitabu kinasema ufungwe kwenye skrubu ya preampli, ili mngurumo upotee." Alilegeza skrubu, akaingiza ile ncha, akakaza. Akawasha, akapandisha kitufe.

Kimya.

Akashusha sindano juu ya santuri ya majaribio. Ngoma zilikuja, gitaa zito likaja, na mwimbaji akasimama katikati ya sebule yetu kama mtu mwenye mwili. Kitufe kilikuwa hakijafika hata robo.

"Haya ndiyo mambo!" Florent alisema, kisha akakumbuka makosa yake na kufunga mdomo.

"Bafle moja itatosha?" nilimwuliza Apolline.

"Kwa santuri ya Mama, itatosha. Zamani ile walirekodi sauti moja kwa pande zote mbili. Hakuna neno lake litakalopotea."

Nilimshukuru na kumsindikiza hadi kwenye pikipiki yake. Niliporudi, niliwaita watoto wote wawili.

"Kesho watu watauliza kwa nini bafle ni moja," nilisema. "Sitajibu mimi. Uwizeye, kazi nilikukabidhi mbele ya watu. Utaitolea maelezo mbele ya watu hao hao."

"Ndiyo, Babu."

Florent nilimtazama tu. Sikumwamuru kitu. Nilitaka kuona atafanya nini.

Jumapili uani kwetu hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Walikuja watu wa Rutshuru, wa Masisi na wa Birere. Umuhoza alifika kutoka Kalengera akishikiliwa na wajukuu wawili, akaketishwa mbele kabisa. Baada ya sala na chakula, gramafoni ilitolewa nje na kuwekwa juu ya meza.

"Hiyo bafle nyingine imeenda kunywa bia?" mjomba mmoja aliuliza, na watu wakacheka.

Uwizeye alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la komunyo, na mikono yake safari hii ilikuwa mbele, si nyuma.

"Bafle nyingine niliiunguza mimi," alisema. "Babu aliniambia nisome kwanza, sikusoma. Niliunganisha vibaya, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Halafu nikamdanganya Babu kwamba ni courant. Haikuwa courant."

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja alisema polepole, "Eh, mutoto huyu." Ndipo nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Florent alikuwa amesimama, masikio yamemwiva.

"Hakuwa peke yake," alisema. "Mimi ndiye nilibonyeza simu. Na ule uongo wa courant niliutunga mimi. Yeye aliusema tu." Akabaki amesimama, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kukaa.

"Kaeni," niliwaambia. "Uwizeye, wewe weka santuri."

Aliitoa santuri ya bibi yake kwenye jalada, akaishika kwa kingo bila kugusa uso wake, akaiweka. Akapangusa sindano kwa brashi ndogo. Akaishusha.

Mwanzo kulikuwa na mchakacho mwepesi wa miaka. Kisha kwaya ikaanza, na juu ya kwaya ikapaa sauti moja, safi, isiyo na kikohozi wala uzee. Nilikuwa nimeisahau. Nilidhani naikumbuka, kumbe nilikuwa nimeisahau. Watoto walitazamana, macho yamewatoka, kwa kuwa hakuna aliyemjua msichana huyo.

Umuhoza aliinua mkono. "Sikilizeni! Hapo, kabla ya ubeti wa pili. Anavuta pumzi. Mmeisikia?"

Tuliisikia. Ilikuwa pumzi ndogo kabisa, fupi, ya msichana anayejiandaa.

"Nilikuwa nimesimama kando yake," Umuhoza alisema. "Niliisubiri pumzi hiyo ndipo nami nianze." Na kabla hatujajua anachotaka kufanya, bibi kizee yule alianza kuimba sauti ya pili, kwa sauti iliyokatika hapa na pale, pamoja na dada yake. Waliimba hivyo mpaka santuri ilipokwisha.

Jioni, wageni walipokuwa wameondoka, niliwaketisha Uwizeye na Florent mbele yangu. Niliwaambia kwamba kesho, baada ya shule, wataibeba bafle mbovu hadi Birere kwa fundi Bagalwa, na kwamba kila Jumamosi watakwenda kumfagilia karakana na kumsaidia kupanga vifaa mpaka kazi yake iwe imelipwa. Hakuna aliyelalamika. Kisha nikawaambia lile ambalo nataka na ninyi wanafunzi mnaosoma mlikumbuke.

"Pumzi ile ya bibi yenu ilikuwemo ndani ya santuri muda wote huu. Haikuhitaji kitufe kupandishwa hadi mwisho. Ilihitaji mtu aliyesoma, aliyeunganisha kila waya mahali pake, na aliyeanza kutoka sifuri. Lakini kusoma kwenu kusingefaa lolote kama ukweli usingetangulia. Mama Apolline ana mita, ana bisibisi, ana elimu. Vyote hivyo havikumsaidia mpaka Uwizeye aliposema jambo lilivyokuwa. Fundi akidanganywa atatengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Daktari akidanganywa atatibu ugonjwa usiokuwepo. Mkikosa tena, na mtakosa, kwa kuwa ni binadamu, msitafute wa kumsingizia. Semeni kosa siku ile ile, lote, kwa utaratibu. Hapo ndipo linapoanza kutengenezeka."

"Ndiyo, Babu," walijibu pamoja.

Nami nawaambia bila kuficha: nilijivunia sana Uwizeye alipofunga ule waya wa kijani. Lakini nilijivunia zaidi aliposimama mbele ya ukoo wote, akasema, "Haikuwa courant."